Ayala kakimbia na jeraha: kutafuta kosa kati ya risasi na mtutu wa bunduki ya kushindilia

Simu ililia saa saba usiku. Kule Ohio, Marekani, ilikuwa saa kumi na moja jioni, mvua ya baridi ikinyesha juu ya majani makavu, na mpwa wangu alikuwa amesimama palepale ayala alipokuwa amesimama dakika chache kabla.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kuna nini usiku huu?"

Akaniambia ameona manyoya meupe machache na tone la damu dogo kama punje ya mtama, kisha hakuna kitu tena. "Risasi hizi mbovu, mjomba. Kesho nanunua aina nyingine."

Hilo la "kesho nanunua aina nyingine" ndilo lililoniamsha kitandani kuliko simu yenyewe. Niliishi Ohio miaka tisa kabla ya kurudi Dodoma, na karibu kila mgeni wa bunduki hizi niliyekutana naye alilisema. Anabadilisha boksi mara tatu kwa msimu mmoja, tatizo linabaki lilipo, kwa sababu hajauliza limetoka wapi. Risasi ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni mtutu unaoirusha. Zisipopatana, anayelipa ni mnyama: anaondoka na jeraha, anakwenda kufa kichakani taratibu, hakuna aliyemla wala aliyemsaidia. Mimi hilo siwezi kulizoea, na sitaki mtu wangu yeyote alizoee.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Ayala ndiye yule tunayemsikia kanisani, mnyama wa Ulaya na Amerika mwenye pembe za matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka. Huku kwetu hayupo. Swala, tandala na pongo wana pembe za kudumu, ni ukoo mwingine. Na ninaposema bunduki ya kushindilia nina maana ya bunduki halali ya kiwandani inayopakiwa kwa mdomoni: baruti kwanza, risasi juu yake, unashindilia kwa mdeki, ile fimbo yake ndefu. Sizungumzii gobole la kufuliwa kichakani. Hapa Tanzania uwindaji unatawaliwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na silaha zina sheria yake ya 2015. Asiye na leseni ya bunduki na kibali cha kuwinda asichukue lolote humu akaenda nalo kwenye mapori ya akiba ya Swagaswaga au Mkungunero. Ndugu mlioko Marekani nanyi someni sheria ya jimbo lenu kila mwaka. Ohio wakati wa msimu wa bunduki hizi lazima uvae rangi ya chungwa inayoonekana mbali. Colorado hawataki kabisa risasi zenye kikombe cha plastiki wala baruti ya vidonge katika msimu huo, na kwa ayala hawaruhusu mtutu wenye tundu dogo kuliko inchi .40.

La mwisho kabla hatujaanza, nalo halina mjadala: bunduki hizi hula baruti nyeusi au mbadala wake uliotengenezwa kwa ajili yake, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji wa bunduki. Ile baruti isiyotoa moshi, inayokaa ndani ya risasi za kisasa, ukiimimina humo hata kidogo inaweza kupasua mtutu mbele ya uso wako.

Soma mtutu kabla ya kusoma boksi

Nilimuuliza mpwa wangu swali moja tu usiku ule: pembeni mwa mtutu pameandikwa nini? Hakujua. Bunduki alinunua kwa mtu, ya nyundo ya pembeni, ya kuwasha kwa fataki, yaani kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo, na muuzaji alimwambia ni ".50 nzuri sana." Kipenyo alikijua. Mzunguko hakuujua.

Ndani ya mtutu kuna michirizi iliyochongwa kwa kujizungusha, na kazi yake ni kuizungusha risasi ikitoka ili ikae sawa hewani. Mitutu mingine michirizi inamaliza mzunguko mmoja katika inchi 28, mingine 48, mingine 66 au 72. Mtoto aliyewahi kucheza na pia, kile kichezeo cha kuzungushwa chini, anaelewa kwa nini hili lina uzito: pia fupi na nene husimama hata ikizunguka kidogo, pia ndefu inataka kasi, la sivyo inayumba na kulala. Gololi ya mviringo haina mbele wala nyuma, kwa hiyo inaridhika na mzunguko wa taratibu wa 1 kwa 66. Risasi ndefu iliyochongoka inataka 1 kwa 28 au karibu na hapo. Mtutu wa 1 kwa 48 uko katikati. Unakubali gololi, na unakubali risasi fupi nene ya madini ya risasi, lakini zile ndefu za shaba unazirusha kwa kubahatisha.

Kama hapajaandikwa kitu, pima mwenyewe. Hakikisha bunduki haina kitu ndani, si fataki wala baruti. Funga kitambaa kinachobana kwenye ncha ya mdeki wa kusafishia, ule ambao mpini wake unaruhusu fimbo kujizungusha, sukuma mpaka chini, weka alama kwenye fimbo usawa wa mdomo na alama nyingine upande inakotazama. Vuta polepole ukiangalia fimbo inavyogeuka. Mtutu wenyewe mara nyingi ni mfupi kuliko mzunguko mzima, kwa hiyo pima robo tu. Robo ikila inchi 16 na nusu, zidisha kwa nne: 66.

Mpwa wangu alipima baadaye kwa video, mimi nikitazama huku nakunywa chai. Inchi 66. Ndani ya boksi lake mlikuwa na risasi ndefu za kuchongoka, nzito, alizouziwa dukani kwa maneno kwamba nzito ndiyo inaua.

Dalili: tundu kwenye karatasi ni refu kama harage

Nikamwambia atundike karatasi hatua hamsini, apige tatu. Picha ilipofika niliikuza kwa vidole viwili. Tundu moja lilikuwa duara. Mengine mawili yalikuwa marefu, moja limelala kama harage, limeacha hata doa la kijivu la ubavu wa risasi kwenye karatasi. Hiyo risasi ilifika kwa ubavu.

Dalili hii ina chanzo kimoja karibu mara zote: risasi ndefu kuliko uwezo wa mzunguko wa mtutu. Mara chache ni mdomo wa mtutu uliogongwa ukapata kovu. Wala usiongeze baruti ukidhani utaitibu. Risasi inayofika kwa ubavu haiendi unakoelekeza, na ikigusa mwili inakata popote. Yale manyoya meupe ya siku ya kwanza yalikuwa yameshanieleza, kwa sababu ayala ni mweupe tumboni chini, na mbavu zake ni kahawia. Alilenga nyuma ya bega, risasi ikapita chini.

Dawa ni kubadilisha aina, siyo chapa. Kwa mtutu wake, gololi ya madini laini ya risasi, kipenyo cha inchi .490, iliyofungwa kitambaa. Gololi hiyo ina greni 177, gramu kumi na moja na nusu hivi, na kwa ayala wa kilo mia moja aliye karibu inatosha kabisa. Najua inaonekana ndogo na ya kizamani. Ndiyo iliyofanya kazi hiyo huko Amerika kwa vizazi, kabla Mfaransa Minié hajaleta ile risasi yake yenye tako la shimo mwaka 1849.

Dalili: matundu ni duara lakini yametapakaa

Hapa ndipo watu hupoteza fedha nyingi zaidi, na jibu liko chini, kwenye majani, hatua tano hadi kumi na tano mbele yako. Okota kitambaa.

Gololi haigusi michirizi yenyewe. Inavaa kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta. Kitambaa ndicho kinachoshika michirizi, kinaizungusha gololi, kinaziba moto wa baruti usipite pembeni, kisha kinadondoka. Kwa hiyo kila kilichotokea ndani ya mtutu kimeandikwa juu yake. Kitambaa kizuri kinarudi kizima: duara, pembe zimechanika nyuzi kidogo, katikati pana doa jeusi pale kilipokalia baruti, na alama za michirizi zimejipanga kukizunguka. Ungeweza kukitumia tena.

Kikirudi na shimo la kuungua katikati, moto umepita. Kitambaa ni chembamba mno au kimekauka mafuta. Kama ulikuwa na cha unene wa inchi .015, jaribu .018. Kikirudi na mikato mifupi iliyojipanga kwa duara, kingo za michirizi au za mdomo wa mtutu ni kali. Mtutu mpya hufanya hivyo, na hutulia baada ya risasi nyingi na usafishaji mwingi, au fundi wa bunduki anaulainisha mdomo. Kikirudi nyuzi tupu, kitambaa chenyewe ni kibovu. Na kama kimeyeyuka kikaacha utando unaong'aa, uliweka kitambaa chenye nailoni au poliesta. Hicho kiondoe kabisa kwenye mkoba wako.

Pamba tupu, iliyofumwa kwa kubana, iliyofuliwa mara moja kutoa wanga wa dukani. Kitambaa cha foronya ya godoro, kile cha mistari, hakijawahi kuniangusha. Huwa nafurahi kufikiria kwamba merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa iliyosokotwa Massachusetts, ilifika mpaka hapa Ugogo migongoni mwa wapagazi, na watemi wetu wakaipokea kama hongo ya njia na maji. Watu wa misafara ile walikuwa na bunduki za gumegume na za fataki mabegani. Kitambaa na gololi vimetembea pamoja muda mrefu.

Mpwa wangu alipobadilisha kwenda gololi, vitambaa vyake vitatu vya kwanza vilirudi na mashimo ya kuungua. Akasema tena mambo ya risasi mbovu. Nikamwomba apime unene kwa kipimo cha fundi: inchi .010, pamba ya shati. Alipopata ya .018 matundu yakasogeleana mpaka yakafunikwa na kiganja.

Kama kitambaa ni kizima na bado matundu yanatapakaa, angalia mkono wako. Je, unapima baruti kwa kipimo kilekile kila mara, bila kukitikisa leo na kesho usikitikise? Je, unaishindilia risasi kwa nguvu ileile? Baruti iliyobanwa tofauti inawaka tofauti. Je, unafuta mtutu baada ya kila risasi wakati wa kujaribu, au baada ya tatu? Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, piga tano ukiegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, andika. Mtu anayebadilisha kitambaa, baruti na gololi siku moja hajifunzi kitu hata apige mia.

Kwa wenye mitutu ya 1 kwa 28 na saboti, yaani kile kikombe cha plastiki kinachobeba risasi nyembamba, somo ni lilelile: okota vikombe. Kizuri kinafunguka kama ua, mabawa yote yanabaki. Kikiwa na bawa lililokatika au tako lililotoboka, hakifai kwa kiwango hicho cha baruti au hakilingani na mtutu. Na mtutu wenye moto hulainisha plastiki, kwa hiyo uache upoe kati ya risasi na risasi.

Dalili: mdeki unagoma, risasi haishuki

Baruti nyeusi ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki chembe ngumu, nyingine zinatoka kama moshi ule mzito na nyingine zinaganda ndani. Kwenye hewa yenye unyevu masizi hayo ni laini, yanafutika. Kwenye hewa kavu yanashika kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Anayetaka kujua ukavu ninaosema aje Dodoma mwezi wa nane, upepo wa asubuhi unavyopasua midomo. Ohio nako kuna siku za baridi kavu za namna hiyo, na ni siku hizo risasi ya pili inapokataa kushuka.

Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, hata mate yanatosha, kisha kikavu, baada ya kila risasi. Mafuta ya kupaka kitambaa yawe ya wanyama au ya mimea pamoja na nta. Mimi nilipokuwa huko nilichanganya nta na mafuta ya kondoo, nta niliyobebewa kutoka kwa wafuga nyuki wa Manyoni, na harufu yake ilinirudisha nyumbani kila nilipofungua kikopo. Grisi ya gari na mafuta ya injini yakikutana na baruti nyeusi hufanya kitu kama lami. Usitumie.

Kama mtutu ni safi na bado inagoma, pima gololi. Na hapa lugha yetu inatutega. Tunaita risasi kile kinachoruka na pia yale madini, neno moja, basi mtu anadhani madini yoyote ya risasi yanafaa. Hayafai. Risasi safi ni laini, kucha inaiachia mkwaruzo. Vile vipande vya kusawazisha magurudumu vinavyookotwa gereji vimechanganywa na antimoni. Vikiyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ileile vinatoa gololi kubwa kidogo na ngumu zaidi, isiyobonyea mtutuni na isiyotanuka ndani ya mnyama. Chubwi za wavuvi, kama zile unazoziona Mtera, mara nyingi ni laini, lakini nazo zijaribu kwa kucha kwanza. Sahani za betri za gari usiziguse kabisa. Zina asidi, zina mchanganyiko ambao ukiyeyushwa unaweza kutoa gesi ya sumu kali, na vumbi lake linaingia kwenye damu ya watoto wanaocheza hapo uani. Nimewaona vijana wakiyeyushia betri kwenye kopo, juu ya mkaa, mita mbili kutoka kwa mama anayekaanga maandazi. Jamani, hapana.

Risasi iliyokwama nusu njia usiipige. Nafasi kati ya baruti na risasi inaweza kuvimbisha mtutu au kuupasua. Siku bunduki ikiwa safi, pakia vizuri, kisha chora mstari kwenye mdeki usawa wa mdomo. Chora na wa pili kwa bunduki tupu. Kila unapopakia, mstari wa kwanza lazima ufike mdomoni. Ukiwa juu, risasi haijakaa. Ukiwa juu sana, huenda umepakia mara mbili. Hilo hutokea kwa mtu aliyepigiwa simu katikati ya kupakia, na linatokea kwa wazoefu.

Dalili: inashuka kirahisi mno

Hii inaonekana kama raha. Risasi isiyo na kitambaa wala saboti ikishuka kwa uzito wake tu, ukitembea msituni mtutu umeinama itasogea mbele, na tumeshaona hatari ya nafasi hiyo. Ni nyembamba kwa mtutu wako. Chukua iliyo na kipenyo kikubwa kidogo, au weka duara la sufi chini yake, na ukiwa mawindoni pitisha mdeki kila baada ya muda uone mstari upo wapi.

Dalili: umempiga, unajua umempiga, na amekimbia bila damu

Karatasi inakubali, matundu ni duara na yamekaa pamoja, lakini ayala kaondoka. Usikimbilie boksi bado. Usikimbilie na yeye pia. Nenda pale aliposimama, weka alama, piga magoti.

Damu ya waridi yenye povu ni mapafu. Hayuko mbali, mpe nusu saa. Damu nzito ya rangi ya maini ni ini. Subiri kwa muda wa saa tatu au nne. Maji ya kijani yenye harufu ya tumbo, rudi nyumbani ulale, au subiri kwa muda wa saa sita hadi nane kabla hujamfuata, kwa sababu ukimsumbua ataamka na kwenda mpaka usimwone tena. Usiku ule wa kwanza nilimwambia mpwa wangu asubiri kukuche. Alisubiri. Mvua ilikuwa imeosha kila kitu, alitafuta siku nzima mpaka miguu ikafa ganzi, hakumpata. Lakini alitafuta, na nilimheshimu kwa hilo.

Sasa chanzo. Cha kwanza ni umbali. Gololi ya mviringo ina umbo baya la kupasua hewa. Inatoka mtutuni na kasi ya kuridhisha, lakini ikifika yadi 100, karibu urefu wa uwanja wa mpira pale Jamhuri, imeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, na upepo wa pembeni umeisukuma. Mimi kwa gololi sivuki yadi 75, na kwa mtu wa msimu wa kwanza nasema 50. Anayetaka kwenda mbali anunue mtutu wa risasi ndefu, ajifunze upya.

Cha pili ni tundu dogo lisilofunguka. Risasi ngumu inapita mwilini kama sindano: inaingia nyembamba, inatoka nyembamba, ngozi inajifunga, damu inamwagikia ndani. Hii ndiyo kazi ya madini magumu niliyoyasema, na pia ya risasi za shaba zinazorushwa taratibu mno. Shaba inahitaji kasi ili ifunguke. Watengenezaji wengi husema ni kasi ipi ya chini kabisa, na ukipiga mbali kwa baruti kidogo huifikii. Kwa mwendo wa taratibu, madini laini ya risasi. Kwa mwendo wa kasi na michirizi ya haraka, shaba inafanya kazi nzuri sana.

Cha tatu, mahali. Ukiwa kwenye jukwaa la juu ya mti, risasi inaingia juu ya mbavu, na isipotoka chini upande wa pili hakuna tundu la kumwagia damu. Kifua kinajaa kama ndoo kabla ya tone la kwanza. Lenga ukifikiria itatokea wapi. Eneo la mapafu la ayala ni kama sahani ya kulia, nyuma kidogo ya bega, na mnyama akiwa amekugeuzia mgongo au akiwa anatembea, acha.

Dalili: nyama ya bega imegeuka jeli, vipande kila mahali

Hii ni kinyume chake. Risasi nyepesi za bastola ndani ya saboti hutengenezwa kwa kasi ya bastola. Bunduki ya kisasa ya kushindilia inazirusha kasi zaidi, na kwa karibu zinavunjika juu ya mfupa wa bega bila kufika ndani. Chukua nzito zaidi au yenye ganda gumu, au punguza baruti. Chembe za risasi husambaa kwenye nyama mbali na jeraha lenyewe, kwa hiyo kata na utupe kwa ukarimu, na nyama ya karibu na jeraha usimpe mtoto wala mjamzito. California wamepiga marufuku madini ya risasi kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Huko ni shaba au kitu kingine kisicho na risasi.

Dalili: fataki inalia, bunduki kimya

Si kosa la risasi. Shikilia mtutu ukielekea salama dakika nzima, kwa sababu moto unaweza kuchelewa. Kisha ondoa fataki, safisha chuchu, yaani kijibomba inapokaa fataki, kausha, weka fataki mpya. Kabla ya kupakia asubuhi, lipua fataki moja au mbili bila kitu ndani ili mafuta ya kusafishia yaungue, kisha pitisha kitambaa kikavu.

Januari iliyofuata simu ililia tena usiku, nami nikaipokea kabla haijalia mara ya pili. Hatua arobaini na tano, ayala amesimama ubavu, gololi ya .490, kitambaa cha .018, nta. Alianguka ndani ya hatua thelathini. Walipomchuna wakaikuta gololi chini ya ngozi ya upande wa pili, imetanuka bapa kama kifungo cha koti, na nyuma yake, ukiitazama kwa taa, bado imebaki alama ya ufumaji wa kile kitambaa. Aliiosha, akaipima kwenye mizani ya baruti: greni 171.